Hatua Mia Tisa

Kwa karatasi ni jiji, kwa miguu ni kijiji:
hatua mia tisa kutoka lango la kusini
hadi lango la kaskazini, ambalo halipo tena.
Nimezihesabu mwenyewe. Ndiyo kazi yangu,
pamoja na kutia saa ya mnara ufunguo kila Jumatatu
na kuwafungulia wageni nyumba ya bwana:
euro nne, watoto bure, viatu vipanguswe.

Hemmerwijk ilipata hadhi ya jiji kwa deni la bia.
Bwana Sweder alikunywa, akalaza wapanda farasi arobaini
kwa wapika bia wa Mtaa wa Mfereji,
na siku ya kulipa mkoba ukakohoa vumbi.
Akawapa ngozi ya ndama yenye muhuri wa nta ya kijani:
ruhusa ya ukuta, ya soko la Alhamisi, ya mti wa kunyongea.
Ukuta ulifika kiunoni, matofali yakaisha.
Mti ulitumika mara moja,
na mpaka leo tunabishana kama yule mtu
alikuwa mwizi wa jibini
au mwenye jibini.

Nyumba yenyewe ilikaa pembeni, ndani ya handaki lake la maji,
kama mtu anayekula peke yake
akiwapa wenzake mgongo.

Mgeni mmoja aliniuliza jana, shingo kaipinda,
nani aliilipia dari hii, malaika kumi na sita wa plasta.
Nikamwonyesha daftari la Bibi Mechteld.
Kungumanga ndiyo iliyolipa,
kutoka visiwa ambavyo hakuna aliyelala humu
aliyewahi kuvikanyaga.
Mwandiko wake mzuri, herufi zimesimama kama askari:
*Hasara ya safari: magunia saba yaliyolowa,
watu kumi na mmoja.*
Safu moja. Wino mmoja.
Wageni huuliza kama kuna ukurasa mwingine.
Upo. Siufungui.
Huu nauacha wazi mpaka uchakae.

Kisha ule msimu wa baridi wa vita, mwaka wa njaa,
watu walipochemsha vitunguu vya maua
na kuviita viazi ili watoto wameze.
Bibi yangu, Jorinde, alivuka handaki usiku juu ya barafu,
yeye na mwokaji asiye na unga,
kuikata njia ya milinde, miti thelathini na saba,
iliyopandwa kwa arusi ya mtu fulani.
Mlango ukafunguliwa. Binti mzee wa nyumba, Aleid,
akatoka na taa, kajifunga blanketi.
Walidhani ataita askari.
Akasimama, akamulika msumeno.
Hakusema neno mpaka mti ulipolala.

Na wiki iliyofuata akaleta ankara:
gilda mbili kwa kila mti.

Bibi yangu aliisimulia hadithi hii miaka hamsini
bila kuamua kama ni ya kumsifu au ya kumtukana.
Siku nyingine alianza na taa,
siku nyingine alianza na ankara.

Sasa kamati imetuunganisha na miji minne
chini ya jina lisilo la mtu wala la mto.
Kibao kipya kimeshasimikwa barabarani.
Ijumaa lori la hifadhi ya mkoa
litakuja kuchukua ngozi ya ndama na muhuri wake,
na daftari pia, likakae gizani, mahali pakavu.
Vijana watakuja na glavu nyeupe. Nitasaini.

Ile ankara hawakuiuliza, haimo katika orodha yao.
Iko kwenye droo ya jikoni, chini ya kamba na mishumaa.
Haijalipwa.
Visiki vimechipua, nyasi zinahitaji kufyekwa,
na saa ya mnara imechelewa tena dakika tano;
nitaisogeza Jumatatu.